Mkono Unakamata, Taa Inahukumu

Wiki mbili baada ya kuniaga kazini kwa keki na doti ya kitenge, mlinipigia simu mkaniomba orodha: mtu mwenye mfuko mdogo anunue vipande gani akitaka kompyuta ya kuchezea michezo. Nilianza kuiandika. Nilipofika kwenye pawa saplai, lile sanduku linaloilisha kompyuta umeme, kalamu ikagoma. Kila mmoja wenu amewahi kuliona donge la saruji lililokaa miaka yote kwenye droo yangu ya chini, na kila aliyeniuliza ni la nini nilimjibu kuwa ni la kuzuia karatasi zisipeperuke. Sikuwa nasema kweli. Kwa hiyo nitaandika yote tangu mwanzo, na orodha yenu mtaiokota humo njiani.

Habari za vyeo nitaziruka, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, aliyeketi na aliyesimama. Mishahara nayo tuiache ipumzike.

Nilianza kazi baada ya vita vya mwaka themanini na sita, kuta za mji zikiwa bado na matundu ya risasi na karibu kila nyumba ikiwa na redio iliyonyamaza. Kwetu ni katika zile familia za Waislamu ambazo mababu zao walifika Kampala na biashara kutoka pwani, wakasahau kurudi. Duka la baba la vitambaa lilikuwa limeporwa mara mbili, na mara ya pili waliondoka hata na rafu. Ndipo baba akanipeleka kwa fundi redio mmoja wa Mengo, karibu na ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, kwa kuwa huyo ndiye mtu pekee aliyemfahamu ambaye bado alikuwa na kazi ya kumpa mtu. Fundi akanitazama, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mtandio, kisha akamuuliza baba kama sikuwa na kaka.

"Kaka anao," baba akasema, "lakini huyu ndiye anayeweza kukaa kitako."

Fundi huyo alikuwa Afande Obura. Alikuwa Mwacholi, mtu wa kaskazini, na zamani alitengeneza redio za mawasiliano katika jeshi la serikali iliyopita, lile lililoshindwa. Miaka ile mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kujitangaza. Kwa bahati mbaya Kiswahili chake cha kambini kilimtangaza kila alipofungua mdomo, kwa hiyo aliufungua mara chache. Majirani walimwita Afande nusu kwa heshima na nusu kwa utani, naye aliitika bila kuinua kichwa.

Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa transfoma mbili za redio, moja kila kiganja, akaniambia nikae nazo hivyo hivyo. Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Gani iko nzito?"

"Ya kushoto."

"Sababu gani?"

Sikujua. Akanipokonya ile ya kushoto, akaigonga kwa ukucha.

"Hii iko na shaba mingi na chuma mingi. Mtu alitengeneza hii hapana mwizi. Ile ingine alikuwa mwizi, alipunguza. Mkono yako itajua mwizi mbele ya jicho."

Wiki nzima nilipima vitu kwa kiganja: transfoma, betri, spika, hata birika la chai. Jioni nilikuwa narudi nyumbani nikimpimia mama vitunguu, na mama akidhani nimeanza kuugua. Lakini ilipofika Ijumaa, Afande akatoa chini ya meza taa ya mbele ya lori la jeshi, kioo chake kimekwaruzika, nyaya mbili zikining'inia nyuma. Kila kifaa chenye kazi ya kutoa umeme, iwe chaja au sanduku la kulisha redio, hakikutoka mlangoni kwake mpaka kiwashe taa ile saa nzima. Taa ikififia, au ikianza kunuka kitu kama nywele zilizoungua, kifaa kinarudi mezani.

"Mkono nakamata tu," alisema. "Mkono iko askari. Taa ndiyo jaji. Askari akianza kuhukumu yeye mwenyewe, watu nakufa."

Maneno ya mwisho aliyasema kwa sauti ya chini, akiangalia taa. Sikumuuliza aliona nini katika vita, wala yeye hakuniambia hata siku moja. Mteja akilalamika kwamba ana haraka, Afande alimsukumia kiti kwa mguu, naye mteja akakaa kutazama taa ikiwaka mchana kweupe. Wengine walisinzia hapo na wakasahau walikuwa wanawahi wapi.

Kompyuta ya kwanza ililetwa kwetu miaka ya tisini kutoka ofisi moja ya Nakasero, haiwaki, ndani yake mkiwa na kiota cha panya kilichosukwa kwa karatasi za serikali. Mimi niliogopa kuigusa. Afande akatoa pawa saplai yake, akaipima kiganjani, akaiunganisha na taa ya lori. "Hii bado redio," akasema. "Tofauti yake inajisikiliza yenyewe." Tukaitengeneza, na tangu siku hiyo redio zikawa chache na kompyuta zikawa nyingi, mpaka macho ya Afande yakachoka. Akarudi kwao kaskazini. Aliniachia meza, kiti cha wateja, bisibisi zake zote, na taa. Miaka miwili baadaye tulisikia amefariki, na sikuweza kwenda kumzika kwa sababu njia ya huko haikuwa salama. Hilo bado linaniuma.

Baadaye nikahamia mjini, kwenye jengo ambalo mnalijua, na wengi wenu mkanikuta hapo. Mlinikuta na jina tayari. Watu walikuwa wanatoka maduka mengine na pawa saplai mkononi wakisema, "Tunaomba mkono wa Mama Zaina." Ninaipokea, nafumba macho kidogo, nasema hii ni mzazi, italea wenzake, au hii ni yatima, irudisheni. Sikumbuki kukosea katika miaka ile. Sifa ni tamu jamani, nisiwadanganye. Na kadiri mkono ulivyopata sifa, ndivyo taa ilivyorudi chini ya meza. Mwanzo niliwasha kwa nusu saa badala ya saa nzima. Kisha nikawa nawasha kwa zile nilizozitilia shaka tu. Mteja akiona taa inawaka anadhani huna uhakika, nami nilipenda waone nina uhakika.

Sasa michezo. Vijana walipoanza kutaka kompyuta za michezo, mafundi wengi waliuliza kwanza mtu ana kiasi gani. Mimi niliuliza unacheza nini, na unacheza na nani. Anayecheza mpira hana haja ya mashine ya anayepigana vita vya anga. Na mtu mwenye fedha chache asidanganywe na makasha yenye taa za rangi, maana mpira haujui kama kasha linang'aa. Chukua kompyuta iliyotumika ofisini, zile zinazoletwa kwa makontena, ukichagua yenye kasha refu la kusimama ili kadi ya grafiki ipate pa kukaa. Kabla hujalipa, pima kama pawa saplai ya kawaida itaingia kwenye nafasi yake na kama plagi zake zinafanana, kwa sababu baadhi ya hizo za ofisi zina plagi za kwao peke yao, na utajuta ukiwa nyumbani. Ramu weka vipande viwili vinavyofanana, usiweke kimoja kikubwa. Kadi ya grafiki inunue iliyotumika kama mwenyewe anakuruhusu kuiona ikifanya kazi, na chunguza skrubu zake: zikiwa zimekwaruzika, kuna mtu alishaingia humo kabla yako. Tafuta ile isiyodai waya wake wa umeme. Diski inatosha hata ndogo. Kisha pawa saplai usinunue iliyotumika hata kama unapewa na shemeji yako. Hiyo nunua mpya, nunua nzuri, na uanze nayo kabla hujanunua kingine chochote, maana kikifa kipande kingine kinakufa peke yake, lakini hiyo ikifa inaondoka na wenzake.

Haya yote nilimwambia Baraka, neno kwa neno.

Baraka alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu wa miaka thelathini hivi, muuza vitenge kule soko la Owino. Alikuja Jumanne ya mvua, akasubiri wateja wote waishe ndipo akasogea.

"Jambo, Mama. Niko natafuta mashini ya kucheza mpira. Isikuwe ya bei kali, lakini isikwame kati ya mechi."

"Utacheza na nani?"

"Na dada yangu Neema. Eko Kanada."

Nikamuuliza, kwa ule mdomo wangu usio na breki, kwa nini asimpigie simu tu, maana simu ni rahisi kuliko mashine.

"Mu simu tunaliaka, Mama," akasema. "Mu mchezo tunagombanaka. Ni vizuri zaidi kugombana."

Nikampa kiti, akanieleza taratibu. Neema alikuwa dada yake mkubwa, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa. Walikimbia pamoja mpaka Kampala, lakini Neema alipopata nafasi ya kupelekwa Kanada, jina la Baraka lilikuwa kwenye faili jingine, na faili hilo halikuitwa. Hiyo ilikuwa miaka sita nyuma. Sasa moyo wa Neema ulikuwa mgonjwa, na Jumatano ya wiki iliyofuata angepasuliwa. Madaktari walikuwa wamemwambia wazi kwamba huenda asitoke. Kule Bukavu, wakiwa watoto, kulikuwa na jirani mwenye jenereta na chumba cha michezo, na Neema alikuwa akimpeleka mdogo wake kila Jumamosi na kumfunga mabao bila huruma.

"Mi nikiona nafungwa, nilikuwa nachomoa waya mu ukuta," Baraka akasema, akitazama mikono yake. "Mchezo unakufa, nasema ni umeme. Mpaka leo ananiita Chomoa. Sasa anasema Jumamosi hii, kabla ya kupasuliwa, anataka mechi moja. Moja tu. Anasema safari hii nimalize."

Nilimwambia mechi hiyo itachezwa. Niliisema kama mtu anayeahidi kitu kilicho mkononi mwake.

Tulichagua vipande kwa siku tatu. Kasha la ofisi lenye kovu la kahawa, kadi iliyotoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama, ramu mbili pacha. Alitaka kupunguza kwenye pawa saplai, nikamkatalia, nikamwambia apunguze kwenye skrini, na akakubali. Pawa saplai yenyewe ilichelewa, ikafika Jumamosi asubuhi, mpya, kwenye boksi lake, na karatasi ya dhamana imegandishwa juu ya skrubu: ukiipasua, hairudishwi. Baraka alifika saa sita mchana. Mechi ilikuwa saa nane.

Palikuwa na watu watano au sita kwenye meza yangu, na baadhi yenu mlikuwepo. Nikaitoa kwenye boksi, nikaiweka kiganjani. Ilikuwa nzito, uzito ule wa zamani, ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka. Kijana mmoja aliyekuwa mteja akauliza, "Mama Zaina, hiyo vipi?"

"Hii ni mzazi," nikasema, na watu wakacheka kwa furaha.

Mguu wangu uligusa taa chini ya meza. Naikumbuka vizuri baridi ya kile chuma. Saa nzima ya taa ingetufikisha saa saba, kisha kufunga vipande, kisha Baraka afike Mengo alikopanga chumba. Ingewezekana, kwa mbio. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mkono ulikuwa umeshasema. Nikaifunga ndani ya kasha, nikawasha, ikawaka, Baraka akaibeba kifuani akapanda boda.

Saa tisa kasorobo akanipigia simu. "Mama, imezima. Iko nanuka."

Nilikwenda mwenyewe, kwa boda, na begi la vifaa. Chumba chake kilikuwa kidogo na safi, vitenge vimepangwa mpaka darini. Skrini ilikuwa nyeusi. Juu ya kitanda simu ilikuwa imeegemezwa kwenye mto, na ndani ya simu alikuwepo mwanamke mwembamba mwenye kilemba, amekaa kitandani na kompyuta ndogo mapajani, nyaya za hospitali zikitoka kwenye kola ya gauni lake. Nilimsalimia, akaniitikia kwa adabu. Nikageuza kasha upande wangu, nikafungua, nikapasua ile karatasi ya dhamana, nikatoa kifuniko.

Ndani kulikuwa na kibao chembamba cha umeme, kapasita mbili zilizopasuka, na transfoma ndogo ambayo ningeona aibu kuiweka kwenye redio ya mfukoni. Pembeni yake, kimegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi, kulikuwa na kipande cha saruji. Hicho ndicho nilichokiita mzazi. Aliyekitengeneza alikuwa anawajua watu kama mimi. Alijua kwamba Kampala tunapima kwa kiganja, akatulisha tunachokipenda. Taa ya lori ingemshika kabla chai haijapoa.

Nilirudisha kifuniko kabla Baraka hajaona. Nikagusa madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, kwa mita: imekufa. Kadi: imekufa. Diski tu ndiyo ilikuwa hai.

"Ni nini, Mama?" Baraka akauliza.

Nikasema, "Umeme. Umeme wa mji huu, ulipanda ghafla."

Kutoka kwenye simu Neema akacheka, kicheko cha mtu asiye na pumzi nyingi. "Umeme gani, na balbu inawaka nyuma yenu? Mi niko naiona. Baraka, umechomoa. Nimekufunga moja bila, ukaona hatari, ukachomoa."

"Sikuchomoa, yaya," akamjibu dada yake. "Muulize Mama fundi."

"Mama," Neema akaniambia, "usimufiche huyu. Namujua tangu zamani."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na sekunde nyingi za kusema. Nilitazama balbu, kweli ilikuwa inawaka, na nikasema tena, "Ni umeme, mwanangu." Akacheka zaidi, akamwambia nduguye kwamba ni moja bila, aiandike ukutani, wataendelea hapo hapo akitoka hospitali. Kisha muuguzi akaingia, nasi tukaagana naye, nikaondoka na ile pawa saplai begini.

Jumatano hakutoka.

Nilikwenda kukaa matanga kwa Baraka. Watu wa kanisa lake waliimba, mimi nikakaa na wanawake, mtandio wangu ukiwa peke yake katikati ya vilemba, na mama mmoja akanishika mkono akanishukuru kwamba nilihangaika na mashine ya ile mechi ya marehemu. Ulikuwa mkono wangu wa kulia, ule ule. Nikaupokea ule mkono wa shukrani. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona aibu kama ile, na sikuona njia ya kuitoa mbele ya watu waliofiwa. Au tuseme nilijiambia hivyo.

Baraka alirudi mwezi wa pili baada ya msiba, amebeba kasha. Alikuwa amekonda. Akasema anataka mashine itengenezwe upya, na safari hii niongeze kizuizi cha umeme wa ghafla, hata kikiwa ghali, ili kisitokee tena kile kilichotokea.

Nikawaomba mtoke. Wale mliokuwepo mtakumbuka niliwafukuza wote, nikafunga mlango mchana. Nikatoa pawa saplai ile kwenye droo, nikafungua kifuniko, nikaiweka mbele yake.

"Hapakuwa na umeme wa ghafla," nikamwambia. "Hii ndiyo iliyozima mechi yenu. Nilipaswa kuiwasha na taa saa nzima, sikuiwasha, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Niliyaona haya siku ile ile, chumbani kwako, na nikakudanganya, wewe na marehemu."

Alikitazama kile kipande cha saruji. Akakigusa kwa kidole, akaking'oa kwenye gundi, akakipima kiganjani kama alivyoniona nikifanya.

"Iko nzito," akasema.

"Ndiyo."

"Neema alikufa anajua nilichomoa."

Nilimwambia nisamehe, na neno hilo lilikuwa dogo, nalo nikalisema tena. Hakusema amenisamehe wala hakusema hakunisamehe. Akaweka saruji mezani, akavuta kile kiti cha Afande, akakaa.

"Basi leo washa hiyo taa, Mama," akasema. "Nataka kuiona."

Nikaiinua taa ya lori kutoka chini ya meza, nikaifuta vumbi kwa pindo la mtandio wangu. Nikatoa pawa saplai nyingine, nikaifungua kwanza nikamwonyesha ndani, dhamana na ipasuke. Nikaunganisha waya wa njano na mweusi kwenye taa, nikagusanisha ule wa kijani na mweusi ili iamke. Taa ikawaka. Tulikaa saa tatu badala ya moja. Hakusinzia. Alinieleza habari za Neema, jinsi alivyokuwa anasonga fufu, ugali wa kwao, huku anamfundisha hesabu, na mimi nikamweleza habari za Afande Obura, askari na jaji. Mwanga haukutikisika. Kisha nikafunga vipande vyote, madabodi na kadi kutoka kwenye mashine yangu mwenyewe, na diski yake ya zamani.

Alipowasha mchezo ili kujaribu, nilidhani atacheza peke yake. Akatoa begini vishikio viwili vya kuchezea, kimoja akaniwekea mkononi.

"Mi sijui haya mambo, mwanangu."

"Utakuwa Neema. Hii ni kukimbia, hii ni kupiga."

Mpira ukaanzishwa. Mchezaji wake wa kwanza aliupokea, akageuka nyuma, akakimbia kuelekea langoni kwake mwenyewe, akampita kipa wake, akaufunga. Juu ya skrini ikaandikwa moja bila, upande wangu. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mbele.

"Hapo ndipo tulifika," akasema. "Tuendelee."

Tukaendelea. Wachezaji wangu walikuwa wanakimbilia pasipo mpira na kupiga hewa, na mkono wangu ambao mji mzima uliusifu ulikuwa unakosea vitufe. Angeweza kunifunga kumi. Mara tatu alifika mbele ya goli langu akiwa peke yake na kipa, na mara tatu akaurudisha mpira nyuma, akaupitisha kwa wenzake, taratibu, kutoka mguu hadi mguu, huku saa ya mchezo ikienda. Mashine haikukwama hata mara moja. Nilisikia feni ikizunguka, na nilimsikia yeye akihema. Dakika za mwisho machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu kufuta kungemlazimu kuachia kishikio.

Filimbi ikalia. Moja bila.

Akaweka kishikio juu ya meza, karibu na ile saruji, akakaa akiangalia skrini mpaka majina ya wachezaji yakaisha kupita. Waya wa umeme ulikuwa karibu na goti lake, umechomekwa ukutani, na hakuugusa.

"Amenichapa," akasema. "Sikuchomoa, Mama. Umeona."

Nikamwambia nimeona.